Charles Waterton na huruma iliyochagua

Wanaomsimulia Charles Waterton (1782–1865), kabaila wa Walton Hall karibu na Wakefield, Uingereza, huanza na vituko: alipita misitu ya Guyana miguu mitupu, na mwaka 1820 akamrukia mamba wa huko mgongoni. Vituko hivyo vinamficha mtu mwenyewe.

Mimi naanza na ukuta. Katika miaka ya 1820 alilizungushia eneo lake ukuta wa takriban kilomita 5, mrefu kupita kimo cha mtu, na ndani yake bunduki zikawa marufuku. Matajiri wenzake walijivunia ndege waliowaangusha. Yeye aliwajengea ndege mahali pa kutagia. Hata bundi, ambaye kule nako watu walimwona ndege wa mkosi, alijengewa nyumba. Kiwanda cha sabuni jirani kilipoharibu miti na maji, alipambana nacho mahakamani mpaka kikahamishwa.

Ukuta wa namna hiyo hunitia shaka. Wanyama ndani, watu nje: Afrika Mashariki tunalijua jambo hilo na machungu yake. Lakini Waterton aliwafungulia watu lango, wakiwemo wagonjwa wa hospitali ya akili ya Wakefield, waje kupumzika na kutazama bata. Kwa hilo namtetea bila kusita.

Siwezi kumtetea kwa Demerara, koloni ambalo leo ni sehemu ya Guyana. Kuanzia 1804 hadi 1812 alisimamia huko mashamba ya jamaa zake, yaliyolimwa na watumwa. Baadaye aliandika, katika kitabu chake cha 1825, kwamba utumwa hauteteki, na wanaompenda huishikilia kauli hiyo. Naamini aliimaanisha. Ila aliiandika baada ya miaka minane ya usimamizi, na katika kitabu hichohicho amemtaja John, mtumwa wa rafiki yake Charles Edmonstone, ambaye yeye Waterton alimfundisha kuwahifadhi ndege waliokufa ili wasiharibike. Anasema John alikuwa mzito wa kuelewa. Mtu aliyekaa saa nzima juu ya mti akimsoma ndege hakumsoma mwanafunzi aliyesimama mbele yake.

John Edmonstone alifika Scotland, akawa mtu huru, akafanya kazi hiyo ya kuhifadhi ndege Edinburgh. Mwaka 1826 aliifundisha kwa malipo kwa kijana wa chuo aliyeitwa Charles Darwin, ambaye uzeeni alimkumbuka kuwa mtu mwenye akili na wa kupendeza, ambaye Darwin alizoea kwenda kuketi naye.