Tozo za Miamala na Swali la "Fedha Zitoke Wapi?"

Tozo za miamala ya simu zilipoanza kukatwa nchini Tanzania Julai 15, 2021, waliozipinga walirudishiwa swali moja kila walipofungua mdomo: kama hamzitaki, tuambieni fedha za vituo vya afya na madarasa zitoke wapi. Aliyekosa jibu alihesabiwa kuwa mlalamishi tu.

Swali lenyewe lilikuwa na uzito. Zipo tarafa zilizokuwa hazina kituo cha afya, na mama mjamzito anayekimbizwa usiku kwa bodaboda hawezi kusubiri mjadala wa kodi uishe. Anayetaka chanzo cha mapato kifutwe anapaswa angalau kukiri kwamba pengo litabaki, na wapo waliopinga kana kwamba dawa na barabara huja zenyewe.

Hata hivyo, naamini ukosoaji ule ulikuwa na thamani hata pale ulipokuja mikono mitupu. Kwenye kibanda cha wakala karibu na kwangu, nilimwona muuza mboga akitaka kumtumia mama yake shilingi 20,000. Alipoelezwa makato ya kutuma, na yale ambayo mama angekatwa tena wakati wa kutoa, alizifunga noti zake kwenye pindo la khanga akaenda kumtafuta kondakta wa basi. Hakuwa na bajeti mbadala, lakini alikijua kitu ambacho waliopanga viwango vya hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja hawakukipa uzito, kwamba fedha ileile ilikatwa mara mbili na kwamba wenye kipato kidogo wangeikimbia simu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tena mlango wa kupitishia mbadala ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia muswada wa kutoza au kuongeza kodi, isipokuwa Rais awe amependekeza na Waziri awe ameuwasilisha. Ikiwa mbunge mwenyewe hana mamlaka ya kupeleka kodi mbadala, kumdai mchuuzi aje nayo ndipo asikilizwe ni kumnyima haki ya kusema.

Viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, vikashushwa tena mwaka 2022. Septemba 2022, serikali ilipofuta baadhi ya tozo, Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alieleza kwamba pengo lingezibwa kwa kupunguza matumizi ya safari, semina, warsha, hata chai na vitafunwa. Mbadala, kumbe, ulikuwa ndani ya vitabu vya serikali yenyewe, na naona usingetafutwa kama watu wasiovijua vitabu hivyo wangekubali kunyamaza mpaka wapate jibu.

Nafuu hii ya kukosoa bila kuleta mbadala siitoi kwa vyama vya siasa. Chama kinachoomba kura kwa ahadi ya kufuta kodi fulani kinaomba kukabidhiwa Hazina, na mpiga kura ana haki ya kukionyesha kidole kwenye hesabu na kuuliza ni matumizi gani yatakatwa, kwa kiasi gani, na nani atayakosa.