Mshikaki tunauonea: chakula chetu na saratani ya utumbo mpana

Oktoba 2015 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, uliiweka nyama ya kusindikwa, soseji ikiwemo, kundi moja na tumbaku. Nyama nyekundu, ya ng'ombe na ya mbuzi, ikatajwa kuwa huenda inasababisha saratani. Tangu hapo ukisimama mbele ya jiko la mishikaki Forodhani, Unguja, hukosi mtu wa kukutisha.

Kitisho chenyewe kina nusu ya ukweli. Kuwa kundi moja na tumbaku maana yake ushahidi ni mzito, si kwamba madhara yanalingana. Kwa hesabu ya IARC, gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Yaani, tuseme wangeugua watu watano katika mia. Wote wakila hivyo, watakuwa kama sita. Mshikaki wa nyama isiyosindikwa haumo humo kabisa, na ushahidi dhidi yake ni hafifu zaidi.

Upande wa pili yuko Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda. Miaka ya 1970 alishikilia kuwa Waafrika wa vijijini hawaugui sana saratani hii kwa sababu chakula chao kimejaa nyuzinyuzi, yaani sehemu za mimea zisizosagika tumboni. Wapinzani wake walikuwa na hoja: wengi hawakufikia umri wa ugonjwa huu, na hospitali za kuugundua zilikuwa chache. Halafu majaribio mawili ya Marekani yaliyotoka 2000 yakaonesha kuwa kuongeza nyuzinyuzi hakukuzuia vinyama vya utumbo, ambavyo huweza kugeuka saratani, kuota tena.

Mimi hata hivyo namwegemea Burkitt. Utafiti uliochapishwa 2015 uliwabadilishana chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi wa Pittsburgh na wanavijiji wa Afrika Kusini: Wamarekani wakala cha nyuzinyuzi nyingi, wanavijiji wakala cha nyama na mafuta. Ukuta wa utumbo wa Wamarekani ulipungua kuvimba, na bakteria wao wakatengeneza kwa wingi asidi inayolisha ukuta wa utumbo. Wa wanavijiji ukageuka kinyume. Hizo ni dalili tu, saratani yenyewe haikupimwa, lakini badiliko kama hilo ndani ya wiki mbili tu si jambo dogo.

Ndiyo maana Unguja na Pemba kinachonitia wasiwasi ni kile kilichoondoka sahanini. Muhogo, majimbi, mseto wa choroko na kunde vimekuwa chakula cha shamba, au cha futari. Mjini asubuhi ni chai na boflo, mchana wali mweupe, usiku chipsi soseji. Samaki na pweza bado tunao, nao si nyama nyekundu.

Ila mla majimbi naye huugua: umri, ukoo, sigara na unene vina sehemu yao. Na kwetu damu ikionekana chooni, ambayo huweza kuwa dalili ya saratani hii, huitwa bawasiri kabla ya kipimo chochote; mtu akanywa dawa ya miti, akaona haya kumwambia daktari, na miezi ikapita.