Ukilifunga gari la safari, mfikirie fundi wa mwisho njiani

Siku hizi Arusha na Nairobi kila Prado lina kitu juu. Hema la kukunjua, turubai la kivuli ubavuni, koleo ambalo halijawahi kugusa udongo, madumu mekundu mawili, na taa za kummulika mtu aliyeko kijiji cha pili. Sina ugomvi na urembo. Gari ni la mtu na hela ni zake. Ugomvi wangu uko kwenye mpangilio: tunaanza na vinavyoonekana kwenye picha, vile vinavyoamua kama utafika tunavikumbuka hela ikiwa imeisha.

Kwa sehemu kubwa tunaiga Australia na Afrika Kusini. Si vibaya kuiga, wenzetu wamelala porini na magari yao kwa miaka mingi, na kampuni ya vifaa vya magari ya porini kama ARB ilianza Melbourne tangu 1975. Lakini vifaa vyao vina duka nyuma yake. Boliti ya keria ikikatika, mtu anapiga simu na mzigo unamfuata mji wa mbele. Wewe ukikatikiwa na boliti hiyohiyo ukiwa umeshaipita Engaruka kuelekea Ziwa Natron, wa kukusaidia ni fundi mwenye kibanda cha mabati, kompresa moja, mashine ya kuchomelea inayotegemea jenereta, nyundo, na rundo la tyubu kuukuu zilizokatwa vipande vya kufungia. Huyo ndiye ninayemwita fundi wa mwisho njiani. Yuko Mto wa Mbu, yuko Wasso, yuko Loiyangalani, yuko Mpanda. Na mimi kila kitu ninachotaka kukifunga kwenye gari nakipima kwa swali moja: kikiharibika, fundi huyu atakiweza? Kama hakiwezi, basi kiwe kitu ambacho kikifa safari inaendelea bila hicho.

Anza na tairi, maana porini tairi ndiyo safari yenyewe. Ukitaka kujua tairi gani, usiingie mtandaoni, nenda kasimame geti la Ngorongoro asubuhi uangalie magari ya watalii. Land Cruiser nyingi za kampuni zina tairi nyembamba za 7.50R16 kwenye rimu za chuma, na nyuma zimebeba spea mbili. Hazipendezi. Ila saizi hiyo ndiyo inayovaliwa pia na Canter, kwa hiyo kila mji wenye mnada na gudauni la mahindi una mtu anayeuza tairi lake, hata kama ni la mtumba, na tyubu yake ipo dukani pembeni ya sukari na betri za tochi. Sasa chukua Prado yenye 265/65R17. Mjini tairi hizo zimejaa. Ukichana moja ubavuni kwa jiwe la volkano mbele ya Ol Doinyo Lengai, ya kununua iko Arusha.

Tairi lililochanika ubavuni halizibwi kwa ile kamba ya pancha mnayouziwa kwenye vikasha. Lakini kama rimu yako inakubali tyubu, fundi anakata kipande cha tairi kuukuu, anakilaza ndani kwenye jeraha, anaweka tyubu juu yake, anajaza upepo, na unaondoka polepole. Si tiba, ni ya kukufikisha. Niliwahi kumwona fundi mmoja Engaresero akiizungusha mikononi rimu ya aluminiamu iliyobonyea mdomo. Akaigonga kwa ukucha wa nyundo, akasikiliza mlio wake, akamrudishia mwenyewe. "Bosi, hii nikiipiga inapasuka. Ingekuwa ya chuma, ungekuta nimeshainyoosha kabla hujamaliza soda." Mwenye gari alikuwa na hema zuri sana juu.

Kuhusu upepo: pampu ndogo ya kuunga kwenye betri na kipimo cha upepo kinachosema kweli vina thamani kuliko taa zako zote. Barabara ya vumbi iliyojikunja mawimbi mawimbi, ile inayotikisa mpaka meno, tairi lililojaa psi 40 linapitisha kila pigo kwenye shokapu, keria na mgongo wako. Lishushe hadi 28 hivi na upunguze mwendo, gari linatulia. Mchanga mzito ukikutana nao, shuka hadi 18 na utashangaa jinsi gari lililokuwa linajichimbia kaburi linavyotoka lenyewe. Ukirudi kwenye lami, rudisha upepo. Tairi laini likikimbizwa kwenye lami linapata moto na kupasuka, na hapo hata hilo koleo halikusaidii.

Sasa tuje kwenye uzito, ndipo penye maneno. Watu wengi hawajui kwamba paa la gari lina kiwango chake, na kwamba kiwango hicho kinahesabu keria pamoja na kila kilicho juu yake gari likiwa linatembea. Prado 150, kitabu chake cha Australia kinasema kilo 80. Suzuki Jimny mpya, ile iliyotoka 2018, ni kilo 30. Thelathini! Hema la juu lenyewe huwa kati ya kilo 50 na 70. Piga hesabu ya keria nililoliona wiki iliyopita mtaani kwetu, limechomelewa kwa bomba za mraba na fundi mwenye moyo mkunjufu: keria kilo 55 kwa makadirio ya chini, hema 60, maji madumu mawili ya lita 20 kilo 40, dizeli madumu mawili kilo 34, spea tairi 35. Jumla kilo 224, na hatujaweka jiko wala mkaa. Uzito huo ukiwa juu unalivuta gari kila kona, na kwenye barabara ya mawimbi unapigapiga paa siku nzima. Ufa unaanza palepale miguu ya keria ilipokamata bodi. Fundi wa mwisho anaweza kuchomelea keria, hilo halimshindi. Bodi nyembamba ya Prado akiigusa na mashine yake ya kuchomelea, anatoboa.

Kwa hiyo maji na mafuta vikae ndani au chini, karibu na ekseli, vimefungwa visitambae. Dumu la njano la mafuta ya kula, lililooshwa vizuri, linabeba maji sawa na tangi la bei mbaya lenye bomba na pampu. Likipasuka unanunua lingine gulioni. Juu ya keria weka vitu vyepesi: godoro, viti, mahema ya kitambaa. Na kabla ya keria, springi na shokapu. Gari lililotoka Japani lilitengenezewa familia ya watu wanne na mabegi. Ukilibebesha nyumba linakaa kitako, taa zinamulika juu, breki zinachelewa. Badilisha springi za nyuma ziendane na mzigo utakaoubeba kweli, si ule unaoota kuubeba.

Hema la juu je? Najua hapa nitapigwa mawe. Kwenye tope na mvua ni zuri, linafunguka haraka, na godoro liko ndani tayari. Lakini sababu kubwa wanayoitaja watu ni simba, na hiyo siikubali. Kambi za umma za Seronera, Serengeti, hazina uzio, na watu wamelala humo kwenye mahema ya chini miaka na miaka. Linalotakiwa ni kufunga zipu, kutolala na chakula, na kutoacha viatu nje, maana fisi ni mwizi. Chakula kinawekwa kwenye mabanda ya jikoni yaliyozungushiwa nondo na wavu, yamejengwa kwa kazi hiyo. Halafu ukiwa na hema la juu, kila asubuhi ukitaka kwenda kuangalia wanyama sharti uikunje nyumba yako kwanza. Na saa nane usiku kibofu kikikuamsha, ngazi ile gizani ni mtihani kwa mtu wa umri wangu. Hema la chini la watu wanne, zito kidogo, lenye chini imara, ni sehemu ndogo sana ya bei ile. Tofauti hiyo inanunua springi, tairi mbili na pampu.

Mkonga nao, lile bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, umekuwa fasheni kiasi kwamba Land Cruiser yenyewe imepewa jina hilo. Ni kifaa kizuri, na hata kama huvuki mito unavuta hewa ya juu isiyo na vumbi jingi. Ila mikonga mingi ninayoiona imebandikwa kwa urembo. Fungua boneti ufuate bomba hadi kwenye boksi la chujio, uangalie kila kiungo. Kikiwa na upenyo wa kupitisha kidole, maji yataingia humohumo na injini itayameza. Na hata mkonga ukiwa mzima, kuna kitu wauzaji hawakitaji: difu inapumua. Imekimbia ina moto, unaizamisha ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kitundu chake cha kupumulia. Wiki mbili baadaye unafungua boliti, mafuta yanatoka rangi ya chai ya maziwa. Dawa yake ni mpira mwembamba unaounganishwa kwenye kile kitundu na kupandishwa hadi ndani ya boneti. Fundi yeyote anaufunga kabla ya chakula cha mchana.

Umeme nitaupitia haraka. Friji la lita 40 kwenye joto la huku linaweza kula ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku. Lisikae kwenye betri ya kuwashia gari, litakulaza porini. Betri ya pili, kitenganishi cha betri hizo mbili, fyuzi karibu kabisa na betri, na waya mnene. Ni hapo kwenye fyuzi mafundi wetu wa umeme wanapofanya mzaha, na gari huungua. Mimi naona sanduku la barafu linatosha safari ya siku tatu, lakini mke wangu hakubaliani nami, na kwenye hili ameshinda.

Jikoni usihangaike na vile vikopo vya gesi vya kutoka nje. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake unajazwa kila mahali penye duka. Sufuria mbili, sanduku la mbao lenye mfuniko, basi. Wapishi wa safari wamelisha wageni kutoka kwenye masanduku hayo tangu enzi za wakoloni. Mifuko ya plastiki iache nyumbani: Kenya waliipiga marufuku 2017, sisi Tanzania Juni 2019.

Kunasuka kwenye tope kuna sheria moja ninayoisisitiza mpaka wenzangu wananichoka. Usifunge kamba ya kuvutia kwenye kile kichwa cha mviringo cha chuma cha kukokotea tela. Kichwa hicho kikikatika kinaruka kama risasi, na Australia kimeshaua watu. Tafuta sehemu zilizofungwa kwenye chesisi, na watazamaji wasogee mbali, hata wazee wa kijiji waliokuja kutoa ushauri. Winchi ni nzuri, ila inataka mti, na pale pwani ya Natron nionyeshe mti. Sepetu, vibao viwili vya kukanyagia na kupunguza upepo vinatoa magari mengi zaidi. Cha muhimu kuliko vyote ni gari la pili kwenye msafara.

Boksi la spea la kwangu halina kitu cha ajabu: fanbelti, hozi za rejeta, filta mbili za dizeli, fyuzi, waya wa kufungia, spana za namba zinazotumika kwenye gari hili na si seti nzima, lita tano za mafuta ya injini. Filta mbili kwa sababu dizeli ya kwenye mapipa ina maji na uchafu. Injini ya zamani kama 1HZ ya Land Cruiser inakohoa na kuendelea, lakini nozeli za Prado za kisasa hazina msamaha huo. Na kipande cha sabuni ya mche. Tangi likitobolewa na jiwe, ikandamize sabuni kwenye ufa mpaka iingie. Dizeli haiiyeyushi, na utafika nayo hadi kwa mtu wa kuchomelea.

Ukishafunga vyote unavyovitaka, pakia gari kama la safari kweli, jaza tangi, pandisha familia, kisha tafuta ghala la mazao lenye mzani wa magari uombe kupimiwa. Soma uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari lako, linganisha. Jimny imeachiwa kama kilo 350 tu za watu na mizigo kwa jumla, na watu wazima wawili wenye afya wameshachukua karibu nusu yake kabla hujaweka hata unga. Wenye Jimny najua mtanijia juu kwenye maoni. Karibuni, ila mje na karatasi ya mzani.