Kisahani cha Raskazone

Mimi kwetu Makorora, Tanga. Mpira ninaoujua ni ule wa kushika kichwa uwanja wa Mkwakwani, huku babu akikukumbusha Coastal Union walivyobeba ubingwa 1988, utadhani kombe lenyewe liko chini ya kitanda chake. Nimeingia chuo mwaka wa kwanza, tukaambiwa kila mtu ajiandikishe mchezo. Nilipotoka kwenye foleni ya ada, soka imejaa, wavu umejaa. Imebaki frisbi.

Frisbi ni kisahani cha plastiki cha gramu 175. Mama aliponiuliza nacheza nini nikamwambia soka. Ningeanzaje kumweleza kwamba ameuza mbuzi ili mimi nikarushe kifuniko cha ndoo?

Lakini kisahani sina ugomvi nacho. Kinachoniudhi ni mchezo wenyewe kukosa refa! Mko saba kwa saba, ukikidaka hukimbii nacho, una sekunde kumi uwe umekirusha, na anayekuhesabia ni mpinzani wako. Ukisukumwa unaita faulo mwenyewe. Aliyekusukuma akikataa, mnazungumza kidogo, kwa upole. Mkishindwana, kinarudi kwa aliyerusha. Hao vijana wa New Jersey waliouanzisha 1968 hawakupata kukaa kijiwe cha kahawa Ngamiani. Kwetu "mnazungumza kidogo" ni mpaka adhana ya magharibi.

Jumamosi tuko Raskazone, maji yamekupwa, mchanga umejianika mpaka kule. Faulo ya tatu, jamaa wa Lushoto na jamaa wa Pangani wakashikana ubishi: kiwiko kiligusa ubavu au kiligusa shati? Wakatoka kwenye kiwiko wakaingia kwenye nani hakuchangia nauli ya bajaji. Maji yakaanza kujaa. Mimi nimesimama kwenye nafasi yangu, bahari iko magotini, namkaba mtu ambaye keshaenda kunywa madafu. Kisahani chenyewe kikapeperuka, hakuna aliyegeuka.

Kukitafuta, nakikuta kwa mama wa pweza. Kakisuuza, kakipangia vipande, na pilipili pembeni.

"Shikamoo mama. Hicho chetu."

"Marahaba mwanangu. Chenu nyie kina nani? Saa nzima nawasikiliza, hamjakubaliana hata jambo moja. Mkishapatana, njooni mchukue."

Nikala vitatu. Pweza alikuwa laini, haki ya Mungu.

Na kiwiko kiligusa ubavu, nilikiona. Hakuna aliyeniuliza.