Hamza, ishirini!

Jogoo Road ya Nairobi naijua nje ndani, kuna mashimo pale tunaitana kwa majina. Natoka geti letu Donholm, naingia barabarani, napita Hamza, napita Makadara, nageuzia Maringo narudi nyumbani, kilomita kumi ukihesabu na kona za kukwepa wauza mayai na smokie. Nimeikimbia hiyo njia mpaka mbwa wa mlinzi wa petroli steishoni waliacha kunibwekea, siku hizi wanafungua jicho moja wanaona ni mimi wanalala.

Shida ilikuwa moja tu, muda ulikataa kushuka. Ije mvua lije jua, saa moja na dakika zake kadhaa. Na sababu naijua, ni ile steji ya Donholm. Asubuhi imejaa watu wanangoja gari na wewe unatokea na kaptura, sasa utapitaje polepole? Lazima utoke nduki, kifua mbele, kama umechelewa Olimpiki. Ukifika Hamza pumzi imeisha. Ukifika Makadara unatoa simu unaweka sikioni, "eeh mkubwa, sema, nakusikia," na hakuna mtu amepiga, ni vile tu unataka kutembea kwa heshima.

Sasa mke wangu ana ndugu yake alisoma sekondari Iten, kule kwa wakimbiaji. Huyu jamaa hajawahi kushinda hata mbio za magunia, lakini Nairobi ukisema tu ulisoma Iten watu wanakuita kocha na wewe hukatai. Akaja kututembelea, akaketi na chai na mkate wake, akaniangalia tumbo kwa muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akaanza. Shemeji, unajua Kipchoge kwa marathoni ya Berlin 2018 alikimbiaje? Nusu ya kwanza saa moja, dakika moja na sekunde sita. Nusu ya pili saa moja na sekunde thelathini na tatu. Umeona hapo? Ya pili iko chini! Na marehemu Kiptum, Mungu amlaze pema, Chicago 2023 nusu ya kwanza dakika 60 na sekunde 48, ya pili dakika 59 na sekunde 47, ikatoka rekodi ya dunia 2:00:35. Hakuna anayetoka nduki hapo, mwanzo unaweka akiba, mwisho unaitumia. Wewe shemeji unatumia mshahara wote tarehe mbili.

Nikamwambia sawa, lakini mimi sina haja na Berlin, nataka tu dakika sita kwa kila kilomita ndio hizo kumi ziishe ndani ya saa moja. Akacheka, akasema Vienna 2019 Kipchoge alikuwa anaenda karibu dakika mbili na sekunde hamsini kwa kilomita, yaani kwa hiyo saa moja yako yeye ashamaliza nusu marathoni. Lakini hata yeye, akasema, alipewa pesimeka 41, yaani wakimbiaji wa kumshikia spidi, wa kupokezana na gari mbele linamulika mistari barabarani. Wewe tafuta mmoja tu. Na kila steji tamka muda wako kwa sauti, urudie, juu mtu akichoka kichwa hakishiki namba. Hamza iwe ishirini. Ukifika na kumi na saba umejichoma, ukifika na ishirini na tatu hayo ni matembezi.

Kwetu hakuna jirani wa kuamka saa kumi na moja kunifanyia upesimeka, nilijaribu kuuliza nikaonyeshwa mlango kwa upole. Ndio nikaona matatu. Kuna moja ya abiria 33, taa za zambarau ndani, hupita Donholm wakati ule ule nikitoka, na ile jam ya asubuhi inavyobana kuelekea tao inaenda spidi yangu kabisa. Tena ina nidhamu kunishinda, haiwezi kutoka nduki hata ikitaka. Inasonga, inasimama, inasonga. Nikampigia shemeji, akafurahi karibu alie, akasema hiyo ndio fartlek yenyewe, haraka kidogo polepole kidogo, Iten watu huikimbia kila Alhamisi, wewe kaa na hiyo matatu usiiache.

Basi nikakaa nayo. Mkia wake hapa, mimi hapa kando kwa njia ya miguu, inaniachia moshi naumeza. Makanga amening'inia mlangoni ananiangalia, na ile sura yake nilidhani ni heshima. Tukafika Hamza, nikainua mkono kuangalia saa, dakika ishirini kamili! Furaha ikanijaa nikapiga kelele, "Hamza, ishirini!"

"Ishirini ilikuwa nauli ya enzi za Kibaki, mzae. Hamsini!"

Mimi sikumjali, nilikuwa nahifadhi namba. "Hamza, ishirini!"

"Haya lete arobaini, na ni vile naona umeumia."

"Hamza, ishirini!"

Hapo gari lote likaamka. Mtu nyuma akasema si umbebe tu, mwingine akasema aki mtu mzima anakimbia kutoka Donholm juu ya kukosa mbao ya nauli. Nikaona hii kitu imeenda vibaya, nikajaribu kueleza, lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ni ya kugawana, ongeza na ule moshi. Nilitaka kusema "mazoezi" ikatoka "ma... ma..."

"Anaenda Makongeni huyu!"

Nikashikwa kwapa, nikainuliwa, nikajipata ndani, katikati ya jamaa wa shati jeupe la ofisi aliyejibana dirishani nisimguse na mama mmoja mwenye gunia la sukuma miguuni. Nikatoa simu nifungue M-Pesa, mkono unatetemeka, PIN ikakataa. Yule mama akaangalia tu. Akavuta pembe ya leso, akafungua fundo kwa meno, akatoa hamsini iliyokunjwa mpaka imekuwa ndogo kuliko punje ya hindi, akampa makanga. "Mwache. Hata mimi kuna siku hushinda sina."

Na jam, ambayo imekaa hapo tangu nizaliwe, ikaachia. Dereva akapanda njia ya miguu, ile ile ambayo mimi ndio nilifaa kuwa naikimbia, akakanyaga mafuta. Makadara ikapita, sikuweka simu sikioni. Maringo, mahali pangu pa kugeuka, nikaiona kwa dirisha ikienda zake. Tukifika Barma pumzi ikarudi, nikasema wazi kabisa, "Jamani, mimi nilikuwa mazoezi."

Kimya. Jamaa wa shati jeupe akaangalia viatu vyangu. Mama akanipapasa goti. "Usione aibu, baba."

Kushuka Muthurwa akanifuata na mia ya kurudi. Nikakataa, akaisukuma kiganjani akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja, akajitwika gunia akapotea sokoni. Ndio nikakumbuka simu bado inahesabu, nikaizima haraka. Hiyo nayo haikuuliza mtu, ikatuma kila kitu kwa grupu ya wakimbiaji wa mtaa, na ramani na pongezi. Kilomita ya tano, dakika moja na sekunde ishirini.

Kurudi sisimulii. Jua, mikokoteni, na mtu wa miaka yangu na kaptura.

Shemeji akapiga hata sijaoga. "Nusu ya pili iko chini! Shemeji, nilikwambia! Na umeishusha sana!"

"Nilipanda matatu."

"Si ndio hiyo nasema, ulikaa na matatu!"

"Nilikaa NDANI."

"Ndani kabisa, eeh, usiipe nafasi," na akakata aende kuwaambia watu.

Jioni mlango ukagongwa. Ni jirani wa ghorofa ya juu, yule ambaye kwa grupu ndiye amekuwa akishikilia rekodi ya Hamza hadi Makadara na hutukumbusha kila wikendi. Amevaa ndala, simu mkononi, macho mekundu, ameizungusha ile ramani akaikuza mpaka akachoka. Hata hakusalimia vizuri.

"Jirani, mimi na wewe tumetoka mbali. Niambie ukweli. Unakula nini?"

Kabla nifungue mdomo, mama watoto akajibu kutoka jikoni:

"Nauli za watu."