Bustani Haioti Kwenye Projekta

Mji huu tuna wataalamu wa kila jambo isipokuwa kivuli. Pita Ngamiani, hapa Tanga, saa tisa alasiri, barabara yoyote kati ya zile za namba, utakuta watu wamebanana chini ya mwarobaini mmoja: muuza kahawa na birika lake, wacheza bao, vijana wa bodaboda, na mbuzi ambaye hana mwenyewe mpaka umguse. Hiyo ndiyo bustani yetu. Haina mpango, haina bajeti, haina kibao, na imejaa.

Sasa siku jiji likitangaza kwamba linatafuta mshauri elekezi, yaani mtaalamu wa kukodiwa, wa kupanga bustani na njia za kutembea, hapo ndipo mtu unapokosa usingizi. Mshauri elekezi! Jina lenyewe ukilitamka unajikuta umefunga tai.

Si kwamba kazi haimhitaji. Inamhitaji sana, tena si mmoja: mpanga miji aliyesajiliwa, mbunifu wa mandhari, mhandisi anayejua maji ya mvua yanakwenda wapi, mpima ardhi, na mtu wa kuzungumza na wananchi bila kusoma kwenye karatasi. Shida ni kwamba mshauri hujibu alichoulizwa tu. Na anachoulizwa kimo kwenye hadidu za rejea, zile karatasi ambazo hakuna anayezisoma mpaka ugomvi uanze. Ukimtuma mtoto dukani bila kumwambia cha kununua, usimpige akirudi na pipi.

Na hadidu zenyewe huzaliwaje? Zinanakiliwa. Mtu anachukua za manispaa nyingine, anabadilisha jina juu, anasahau ndani. Ukifika ukurasa wa sita unaambiwa mshauri "atazingatia uzuri wa ufukwe wa ziwa". Ziwa gani Tanga, jamani? Mshauri mwerevu hasemi neno. Anaandika bei ya kuzingatia ziwa.

Hadidu za maana hazihitaji Kiswahili cha mahakamani. Zinataja maeneo ya wazi yote kwa majina na namba za viwanja. Zinasema njia zitoke wapi zifike wapi, na kwa kilomita ngapi. Zinasema nani katika jiji atampokea mshauri na kumpa ramani, maana mshauri anayesubiri ramani miezi miwili anahesabu miezi miwili hiyo kama kazi. Halafu zinasema jambo moja ambalo watu hulionea haya: pesa za ujenzi zipo kiasi gani. Ukilificha, utachorewa chemchemi ya maji yenye taa za rangi, na wewe uwezo wako ni mabenchi kumi na mipira ya kumwagilia.

Kabla ya kuchora, mipaka. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe. Kwenye mpango kabambe, ile ramani kuu ya mji, eneo la wazi limepakwa kijani, zuri, kama kitambaa cha Iddi. Nenda sasa ukasimame juu ya ile kijani. Nusu ni gereji, robo ni banda la chipsi, na iliyobaki kuna mtu ameshamwaga mawe ya msingi, anasubiri saruji ishuke bei. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mshauri ni kutafuta bikoni, yale mawe ya mpaka, moja moja, kuona ipi ipo, ipi imeng'olewa, ipi imekuwa kiti cha muuza mihogo. Hiyo ni kazi ya jembe na panga, haifanyiki hotelini.

Kuna na balaa la ramani za zamani. Ramani nyingi za nchi hii zilipimwa kwa mfumo wa kutaja mahali kwa namba unaoitwa Arc 1960. Simu yako na GPS zinatumia mwingine, WGS 84. Namba za mifumo hii miwili zinafanana kama mapacha, lakini ukichukua namba za Arc 1960 ukazipanda kwenye WGS 84 bila kuzigeuza, kila kitu kinasogea karibu mita 300 kwenda kaskazini. Na kaskazini ya mjini hapa ni nini? Bahari! Kijana wa kompyuta anachora njia nzuri ya kutembea ukingoni, wewe ukiitazama vizuri inapita katikati ya maji ya bandari. Ukimuuliza, anasema ni "kosa dogo la data". Kosa dogo la kuogelea, hilo.

Na hiyo ya ukingoni ina mambo yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto. Kwa hiyo mkahawa wa ghorofa uliochorwa Raskazone juu ya mwamba, ufuteni mapema. Halafu tofauti ya maji kupwa na kujaa hapa kwetu hupita mita 3 wakati wa bamvua, zile siku maji yanajaa na kupwa sana. Mshauri akija kupima siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, akaona mchanga mpana, akapanga njia pale, basi mara mbili kila siku ya bamvua itakuwa njia ya kaa. Mwambieni aje bamvua. Wavuvi wa pale mwaloni Deep Sea watamtajia tarehe bila kufungua simu.

Wenye mali nao wengi. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, kubwa za TANROADS, hifadhi ya reli ina mwenyewe, bandari ina mwenyewe, mikoko ni msitu wa hifadhi. Jiji linamwajiri mshauri kupanga njia ya kilomita 7 na yenyewe linamiliki vipande vitatu. Hao wote waitwe mwezi wa kwanza. Wakiitwa mwezi wa mwisho watakuja na barua.

Haya, mshauri anapatikanaje. Siku hizi zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni, bahasha za kaki zimebaki za michango ya harusi. Kampuni zinaonyesha nia, zinachujwa, zinazobaki zinaleta mapendekezo mawili: la kiufundi na la fedha. La kiufundi linafunguliwa kwanza, la fedha linafunguliwa kwa waliofuzu tu. Halafu alama zinachanganywa, tuseme asilimia 80 kwa ufundi na 20 kwa bei. Watu wakisikia 80 wanalala, wanadhani ufundi umeshinda. Hebu tupige hesabu. Kampuni ya kwanza ina alama 85 za ufundi, inataka milioni 180. Ya pili ina 76, inataka milioni 90. Bei ya chini kabisa inapata 100, na hiyo ya milioni 180, kwa kuwa ni mara mbili yake, inapata 50. Ya kwanza: 68 kujumlisha 10, ni 78. Ya pili: 60.8 kujumlisha 20, ni 80.8. Imeshinda ya pili!

Na imepunguzaje bei nusu? Fungua jedwali la siku za kazi. Mbunifu wa mandhari, yule mwenye wasifu wa kurasa tisa uliowapa alama, amewekewa siku tatu. Siku tatu! Mbili za hizo yuko kwenye basi. Kazi yote itafanywa na kijana aliyemaliza chuo Novemba. Ndiyo maana anayepitisha alama lazima asome wasifu na siku pamoja, na mkataba useme mtaalamu mkuu habadilishwi bila kibali cha maandishi, na anayeletwa badala yake awe wa kiwango kilekile au zaidi.

Malipo msiyatangulize. Yafuate kazi: asilimia 10 kwa ripoti ya awali, 25 kwa takwimu za uwandani, 30 kwa rasimu, 35 kwa mpango wa mwisho pamoja na faili zenyewe za michoro, zinazofunguka na kurekebishika. Ukikubali PDF tu umenunua picha. Mwaka ujao ukitaka kusogeza choo mita mbili, utamlipa tena.

Takwimu za uwandani ndizo zinazorukwa na wavivu. Kuhesabu watu si kusimama Jumanne saa nne asubuhi na kusema "watumiaji ni wachache". Saa nne asubuhi Tanga nani yuko bustanini zaidi ya kunguru? Unaweka vijana kwenye vituo tuseme kumi, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, siku mbili za kazi, kisha Jumamosi na Jumapili. Wanaandika: mwanamke, mwanamume, mtoto, mwenye baiskeli, mwenye mzigo kichwani, mwenye kiti cha magurudumu. Ijumaa inahesabiwa peke yake. Ramadhani ndiyo kabisa: hesabu ya mchana itakwambia mji umehamwa, ya baada ya tarawehe itakwambia Kariakoo imehamia huku. Zote mbili kweli, lakini ukichukua moja umeumia.

Halafu mkutano wa wadau. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi, soda, posho, projekta. Slaidi ya kwanza: mzungu anakimbia na mbwa. Ya pili: Singapore. Mama wa Makorora anayeuza vitumbua hayupo, kwa sababu saa hiyo anauza vitumbua. Ramani ileile ingetandikwa chini ya ule mwarobaini saa kumi na moja jioni, ikabanwa na kokoto nne, ukampa kila mtu punje tano za mahindi aweke pale anapotaka kivuli au taa, ungejua yote ndani ya saa moja. Mbuzi tu umshike.

Sasa tuje kwenye vitu vya kushikika, maana hapa mpango huonekana kama una akili.

Njia ya watu na baiskeli pamoja, mji wa baiskeli kama huu, isipungue mita 3. Kilomita moja hapo ni mita za mraba 3,000, na peva, vile vitofali vya zege, za sentimita 10 kwa 20 huingia 50 kila mita ya mraba: vipande 150,000. Za waenda kwa miguu unene wa milimita 60 unatosha. Pakipita gari la taka weka 80. Chini yake mchanga, chini ya mchanga kifusi kilichoshindiliwa. Na ukingo wa zege pande zote mbili, tafadhali! Mkandarasi anapenda kuruka ukingo kwa sababu picha ya uzinduzi haiuonyeshi. Masika ya kwanza maji yanachota mchanga pembeni, peva zinaachana kama meno ya babu, na wa kwanza kuanguka ni mzee mwenye bakora.

Mlango wa njia nao. Mnaweka nguzo za kuzuia vyombo, sawa. Bajaji ina upana wa mita 1.3 hivi, kwa hiyo nguzo zikiachana mita 1.2 bajaji inabaki nje na kiti cha magurudumu kinapita. Bodaboda? Itapita, hata mkibana mpaka mja mzito asipite. Bodaboda haizuiwi na nguzo, inazuiwa na kupewa kijiwe chake halali mita ishirini pembeni, chenye kivuli. Kiandikwe kwenye mchoro. Na palipo na kipandio cha sentimita 30, mteremko wa kiti cha magurudumu uwe mita 3.6, ndio uwiano wa 1 kwa 12. Ukifupisha ukawa mita moja umejenga bembea.

Benchi. Nani anayechora benchi la chuma linalotazama magharibi, bila mti? Saa kumi jioni likalie uone: ni kikaango chenye miguu. Na chumvi ya bahari inalila, rangi inavimba malengelenge, halafu usiku mmoja limekwenda kwenye vyuma chakavu. Jenga la zege, lenye mgongo, upana wa kukaa sentimita 45, urefu kama baraza la nyumbani ili watu wanne waongee bila kupigana viwiko. Mti uwe upande wa magharibi wa benchi. Usiwe mnazi. Mnazi ni mzuri kwenye kalenda, lakini dafu halina breki.

Miti yote iliyopo iorodheshwe kabla ya kukatwa hata tawi, na mizinga ya nyuki iandikwe. Hapa Tanga tunajua nyuki: Novemba 1914 walishambulia askari waliotoka baharini, na mpaka leo wazungu wanaviandikia vita vile kwa jina la nyuki. Msimlete mkandarasi na msumeno bila kuwauliza.

Kupanda ni masika ikianza, Machi, si siku mgeni rasmi anapopata nafasi. Mche mmoja wakati wa kiangazi unataka kama lita 20 mara mbili kwa wiki. Miche 200 ni lita 8,000, boza zima la maji, lile lori la tangi, kila wiki. Boza la nani? Mafuta ya nani? Dereva nani? Fungua ripoti ya kurasa mia mbili na ushee utafute neno boza. Utakuta "matunzo endelevu yatazingatiwa".

Utafute na neno choo. Nalo halimo. Mipango mingapi mizuri, njia, taa, kibao cha wanyama, na mtu aliyekunywa dafu mawili hana pa kwenda? Basi sawa, acheni hivyo hivyo. Ile miche 200 itamwagiliwa hata bila boza.