Kama kimeshafika shingoni, kisikilize na pumzi

Hizi habari za vifaa vya kupandikiza mwilini nazifuatilia sana na kuna kitu kinanikera, kifaa kimekaa juu ya neva ya pumzi lakini pumzi yenyewe hakiisikilizi. Kile cha kupunguza kifafa, ambacho Marekani walikiruhusu tangu 1997, kinakaa chini ya ngozi ya kifua, waya unapanda mpaka shingoni upande wa kushoto na kuzungushiwa neva ya vagasi (mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na moyo na mapafu), halafu kinarusha umeme, mara nyingi sekunde 30 kinapiga, dakika 5 kinanyamaza, hivyo hivyo usiku na mchana. Sasa neva hiyo ndo ile ile inayopeleka taarifa za mapafu kwenye ubongo! Mapafu yakijaa hewa ishara zinapanda, ubongo unajua hapa inatosha, toa pumzi, na hilo watafiti Hering na Breuer walishalieleza 1868. Yani mlinzi umemweka getini kabisa, anapiga filimbi, ila pumzi ikiingia ikitoka hana habari.

Na siyo kwamba huo umeme hauna madhara, sauti inakwaruza, na kuna watu wakilala pumzi inakuwa inakatika katika. Huku kwetu Mwanza ukikaa Kirumba mwaloni hukosi kusikia fulani hapandi mtumbwi kisa kifafa, watu wanaogopa maji, ni haki yao, ila kitandani nako kuna hatari. Kati ya waliofariki ghafla baada ya kifafa wakiwa kwenye mashine za hospitali, imeonekana pumzi ilisimama kwanza, moyo ukafuata. Wodini nesi anahesabu kifua kikipanda na kushuka dakika nzima, mtu mzima akitulia ni mara 12 hadi 20, sasa nyumbani saa nane usiku nani anahesabu?

Najua kusoma neva siyo mchezo. Ishara zake ni mikrovolti tu, yani sehemu za milioni za volti, moyo upo pale pale unapiga kelele, misuli ya shingo nayo, mtu akimeza mate au akikohoa basi vurugu tupu. Ila watafiti wameshaupata mdundo wa pumzi kwenye neva hiyo kwa panya na nguruwe, kwa hiyo inawezekana. Na kile cha wanaokoroma mpaka hewa inaziba, kilichoruhusiwa 2014, kinafuata pumzi ndo kinasukuma ulimi, japo chenyewe kinatumia sensa ya kifuani, hakisomi neva.

Jamaa yangu fundi simu pale Igoma nilivyomweleza akauliza swali moja tu, "Sasa kaka, chaji ikiisha?" Nikamwambia vingi vyao unapasuliwa tena kifua unawekewa kipya. Akaguna. Na kusikiliza muda wote kunakula betri kweli, hilo sikatai, na hela ya hiyo opareshen kwa mtu wa Mwanza ni kesi nyingine kabisa. Bado mimi nachagua chenye masikio, hata kama betri yake itawahi kuisha.